Vichupa Vyenye Vifuniko vya Njano

Mimi ni mtu wa haraka, na nina mdomo. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani kwamba huko mbele nitamtupia mtu mwingine lawama. Kijijini kwetu, upande wa Ndagoni, wanawake wakiniona nashuka kwenye bodaboda na sanduku langu la barafu walikuwa wakiambiana, "Daktari wa maziwa huyo kaja." Wa pembeni anamalizia, "Asiye na maziwa." Nilikuwa nawasikia. Nilikuwa nacheka nao, maana utani wa kwetu ukiukasirikia unaongezewa chumvi, lakini uliniuma. Sina mtoto. Nina digrii tatu na mdogo wangu mmoja.

Mdogo wangu huyo nimemlea mwenyewe. Mama yetu alifariki mimi nikiwa darasa la saba, na yeye bado anashika kanga za watu ili asimame. Bibi alitupikia. Mimi nilimwogesha, nikamsuka, nikamchapa alipostahili, na mara nyingine asipostahili. Alikuwa mtoto wa kuzurura. Maji yakipwa tu, huyo pwani na wenzake kuokota makome, na kurudi anajua mwenyewe. Nilikuwa namwekea chakula chake pembeni, nakifunika na kawa, na ole wake mtu atakayeinua kawa ile. Bibi alitufundisha kwamba chakula cha mtu ambaye hajarudi hakiachwi wazi. Akirudi saa tisa, akirudi saa kumi na moja, sahani yake iko pale pale. Mimi sikujaliwa maneno matamu ya kumwambia mtoto. Nilikuwa namfunikia chakula.

Yeye akaolewa kijijini, akawa mkulima wa mwani. Mimi nikaenda bara kusoma, nikaendelea kusoma mpaka watu wakachoka kuniuliza nitamaliza lini, na mwisho nikaangukia kwenye maziwa. Nachunguza protini zilizomo katika maziwa ya mama, hasa zile zilizovikwa sukari. Kitaalamu zinaitwa glikoprotini. Siku nilipolitamka jina hilo mbele ya mdogo wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Dada, hilo ni jina au kikohozi?"

Alikuwa kwenye mkeka uani, anafunga miche ya mwani kwenye kamba, kishada baada ya kishada. Nikamwambia aitazame kamba yake. Kamba ndiyo protini, na vile vishada ndiyo sukari. Kijidudu cha kuharisha kikiingia tumboni kwa mtoto mchanga kinatafuta pa kushika kwenye ukuta wa utumbo. Maziwa ya mama yakiwa na kamba hizi, kijidudu kinakutana na vishada vinavyofanana na vile vya utumboni, kinashika hapo, kinadhani kimefika. Kumbe kinasafirishwa nje, kinatoka na nepi.

Akafikiri kidogo. "Na maziwa yapi yana kamba nyingi?"

"Ya siku tatu za mwanzo. Yale ya dang'a, ya njano."

Mikono yake ikasimama. "Yale tunayoyamwaga," akasema.

Si kila mtu anayamwaga, niseme haki. Nesi wa zahanati yetu amehubiri miaka nenda miaka rudi, na wasichana wengi siku hizi wanamweka mtoto kifuani pale pale kitandani. Lakini mzazi akirudi nyumbani anarudi mikononi mwa wazee, na wazee wana lao. Wanasema maziwa yale yamekaa kifuani miezi tisa, yamevunda, hata rangi inasema. Yanakamuliwa, yanafukiwa mchangani, na mtoto ananyweshwa maji ya vuguvugu yenye sukari mpaka meupe yashuke. Mimi nilinyweshwa hayo maji ya sukari, na mdogo wangu pia, na tupo. Hiyo ndiyo hoja yao kubwa, na ni ngumu kuijibu, kwa sababu wale ambao hawapo hawaji mkutanoni kusema.

Basi nikaja na utafiti wangu. Vibali ninavyo, fomu za ridhaa ninazo, sanduku la barafu ninalo. Nilichokosa ni mirija ya kuhifadhia maziwa, ile maalumu, iliyokuwa imekwama bandarini. Na mimi na kusubiri ni maadui. Nikaenda zahanati kuomba vichupa. Nesi akanitolea katoni ya vile vya plastiki vyenye kifuniko cha njano, wanavyowapa watu kuletea choo kipimwe. Vilikuwa vipya, havijafunguliwa, visafi kuliko mikono yangu.

Nesi akavitazama, akanitazama. "Hivi hivi?"

"Chupa ni chupa," nikamwambia.

Nilikuwa nafikiria vijidudu. Sikuwa nafikiria macho ya watu.

Nikawakusanya wanawake barazani pa zahanati. Nikawaeleza kwamba anayemnyonyesha mtoto wake maziwa ya mwanzo aendelee, mimi nitaomba kijiko kimoja tu mtoto akishashiba. Na yule ambaye nia yake ni kuyamwaga, basi asiyamwage, anipe mimi. Nilijiona nimesema kwa hekima. Ndipo akasimama mama mkwe wa mdogo wangu. Ni mtu mzima, amekwishawapokea kwa mikono yake watu wengi wa kijiji kile walipozaliwa, na mimi nikiwemo.

"Mwanangu, umesema maziwa haya ni chakula?"

"Ndiyo, mama."

"Chakula bora?"

"Hakuna kinachoyazidi."

Akanyoosha kidole kwenye katoni yangu. "Basi mbona unayatia kwenye vichupa vya choo? Chakula hutiwa kikombeni."

Wanawake wakacheka, wala si kwa ubaya. Mtu mwenye akili angecheka nao, akaomba radhi, akatafuta vikombe. Mimi nikapandisha. Nikamwambia, mbele ya wakwe zake na wajukuu zake, kwamba kichupa kimeandikwa kilivyo safi, anayejua kusoma asome, na asiyejua akae chini.

Akakaa chini.

Tangu siku ile nikimwamkia "Shikamoo mama" ananijibu "Marahaba" ya mdomoni tu, na mimi najifanya sioni tofauti. Kazi iliendelea. Tena iliendelea vizuri kuliko nilivyotegemea. Vichupa vilikuwa vinarudi vimejaa, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuvikusanya. Mume wake, shemeji yangu, ananunua samaki na kuwapeleka mjini Kilindoni, kwa hiyo barafu haikuwa shida. Sanduku langu lilikuwa linalala jirani na majodari. Kwenye boti ya kurudi bara, Nyamisati, abiria walikuwa wakiniuliza nimebeba kambakochi wangapi, nami nawajibu kwamba hawa siwauzi.

Nilidhani nimeeleweka. Kumbe nimewaharibia. Kijijini kwetu kuna vitu vitatu tu vinavyotiwa kwenye kichupa na kupelekwa kwa daktari, navyo ni mkojo, choo na makohozi. Hakuna mtu aliyewahi kupeleka wali kwenye kichupa. Kinachotiwa humo kinashukiwa, na ukishakipeleka unasubiri majibu. Wanawake walioniona nakusanya maziwa ya mwanzo kwenye vichupa vile waliona daktari naye anayashuku, ila hataki kusema. Nesi aliniambia baadaye, yamekwisha kuwa yaliyokuwa, kwamba hata wale aliowashawishi kwa miaka wakaanza kunyonyesha mapema, walirudi kukamua kwanza. Akiwauliza kwa nini, wanamjibu, "Tunasubiri majibu ya maziwa."

Mdogo wangu alikuwa mjamzito wakati ule. Mimba mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu aliibeba kama mtu anayevuka na taa kwenye upepo. Hakuingia tena majini kwenye mwani. Alikaa uani anawafungia wenzake kamba, na kuniandikia lebo za vichupa kwa mwandiko wake ule wa duara niliomfundisha mimi. Nikiwa Dar nilikuwa namtumia ujumbe wa sauti kila siku. Mmojawapo ninao bado kwenye simu. Nacheka, halafu nasema, "Na wewe usinisahau, eh. Ya kwako ndiyo nayataka kuliko ya wote."

Nilikuwa natania. Lakini nilikuwa nayataka kweli. Mtu niliyemlea mwenyewe, nikijua kila alichokula na kisima alichonywea, mtafiti gani asiyatake maziwa yake?

Alijifungua asubuhi, pale zahanati, mtoto wa kike. Picha yake ilinifikia nikiwa nasimamia mtihani, na nililia mbele ya wanafunzi bila haya. Alikuwa mdogo wa umbo lakini mzima, ngumi zimekunjwa, uso umekunjwa, kama mtu aliyeamshwa na kelele za jirani. Nesi alimweka kifuani kwa mama yake kama anavyowafanyia wote, na mtoto akanyonya kidogo. Mchana ule ule wakarudi nyumbani.

Nilipanga kwenda siku ya saba, siku ya kupewa jina. Kila siku nilipiga simu.

"Ananyonya?"

"Anaendelea vizuri, dada."

Namfahamu mdogo wangu. Tangu utotoni hawezi kuniambia uongo, kwa hiyo akibanwa hujibu swali ambalo hukumuuliza. Ningekuwa nimemsikiliza kama nilivyokuwa nikimsikiliza akiwa na miaka sita, ningelijua. Nilikuwa nasahihisha mitihani huku nimebana simu begani.

Siku ya tano akasema mtoto ana tumbo kidogo. Nikamwambia amnyonyeshe tu, asimpe kitu kingine chochote. Upande wa pili kukawa kimya. Nikadhani ni mtandao. Siku ya sita wakampakia kwenye bodaboda kwenda Kilindoni, mtoto katikati ya mama yake na bibi yake, na walipofika hospitali walipokewa vizuri na kikafanyika kila kilichowezekana. Mtoto alikuwa amekauka. Alfajiri ya siku ya saba akafariki, na mimi wakati huo niko njiani kwenda Nyamisati, nina kanga mbili na kigauni cheupe mkobani.

Niliposhuka kwenye boti nikamwona yule kijana wa bodaboda anayenichukua siku zote. Siku zote husema karibu. Siku ile alisema pole. Sikumuuliza pole ya nini. Nilipanda nyuma, nikashika mkoba wangu, na njia nzima nilikuwa najiambia kwamba labda ni mzee fulani.

Nilifika wamekwisha kumzika. Jina alipewa wakati ule ule wa kuoshwa, jina la mama yetu.

Mdogo wangu alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka amenyoosha miguu. Yale maziwa meupe yalikuwa yameshuka, mengi, yamemlowesha kanga kifuani, na mwenye kuyanyonya hayupo. Wanawake walikuwa wamembandika vitambaa vya maji baridi ili yakauke. Nilikaa karibu yake nikamshika mkono. Tukalia mpaka tukachoka. Halafu akaninyooshea kidole kwenye pembe ya chumba.

"Nimekuwekea," akasema. "Shemejio kabadilisha barafu kila siku. Hata jana, kabla hatujaondoka."

Lilikuwa sanduku langu. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na vichupa vitano, vimejaa hadi shingoni, njano iliyokolea ambayo sijawahi kuiona katika vile vijiko vya watu. Kila kimoja kina lebo ya mwandiko wa duara: siku ya kwanza, siku ya kwanza jioni, siku ya pili. Nitalisema hili maana sijawahi kulisema. Nilifurahi. Kwa muda wa kupepesa jicho, machozi bado yako mashavuni, nilifurahi kuona maziwa mengi na mazuri kiasi kile. Kisha nikahesabu vichupa.

"Haya yote umeyatoa lini?"

"Siku zile tatu."

"Na mtoto alikuwa anakunywa nini?"

"Maji ya sukari." Alikuwa ananitazama kama anavyonitazama tangu utotoni akinionyesha alichookota pwani. "Mama mkwe alisema nisimnyweshe uchafu, kwamba hata wewe unayapeleka kupimwa kwenye vile vichupa. Na wewe ulisema unayataka ya kwangu. Nikaona nikiyakamua nitawaridhisha nyote wawili."

Nikalifunika sanduku. Tulikuwa wawili wa kuridhishwa, mimi na mkwewe, na yeye ni mtoto mwenye adabu, na adabu hiyo nilimfunza mimi. Aliyekuwa na njaa hakuwa na sauti ya kutosha.

Mkwewe alikuwa amesimama mlangoni, ana sufuria ya uji wa pilipili manga wa mzazi. Sijui alisikia kiasi gani. Aliuweka uji chini, akatoka nje, na kutoka dirishani nikamwona amekaa juu ya kinu kilicholazwa, ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya mwingine. Nilikuwa na hasira naye siku ile. Nilimchukia kabisa. Nilihitaji mtu wa kumchukia, na yeye alikuwa karibu.

Siwezi kuapa kwamba maziwa yale yangemwokoa. Mimi ni mtu wa sayansi, najua kwamba watoto hufa hata wakinyonyeshwa, na wengine huponea maji ya sukari wakazeeka. Mungu ndiye mpaji na ndiye mchukuaji. Lakini nikijiuliza peke yangu, bila karatasi mbele, jibu ninalo. Kilichomkausha mtoto yule ni tumbo, na dawa ya tumbo lile ilikuwa kwenye pembe ya chumba, imewekwa kwenye barafu, ina jina langu juu ya sanduku.

Nikarudi Dar na vile vichupa. Ningeweza kuvimwaga baharini, na niliufikiria huo mpango boti nzima. Sikuweza. Nikaviweka kwenye friza ya maabara, na baada ya wiki kadhaa nikafungua kimoja nikakipima, kwa sababu sikujua jambo jingine la kumfanyia mtoto yule. Yalikuwa maziwa mazuri mno. Kamba zimejaa vishada hakuna pa kutia kidole. Msaidizi wangu wa maabara alisema mama huyu ana bahati, mtoto wake atakuwa na afya. Nikamwambia nakwenda kunywa chai.

Vinne vilivyobaki sikuvigusa.

Mdogo wangu akaanza kuniuliza. "Dada, majibu yangu yametoka?" Nikamwambia bado. Mwezi uliofuata akauliza, nikamwambia mashine imeharibika. Nilisingizia umeme, nikasingizia likizo. Niliona kwamba nikimwambia maziwa yako yalikuwa dawa, nitakuwa nimemuua yeye naye. Na nikimwambia hayakuwa na kitu, hilo ulimi wangu uligoma, hata mimi nina mpaka. Basi nikakaa kwenye "bado" karibu mwaka mzima. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Mimi nilikuwa nampakata mjukuu huyo kila simu ikilia.

Siku moja akapiga, hakunisalimia vizuri. "Nina miezi mitano," akasema. "Nataka majibu yangu."

Hapo sikuwa na pa kujificha. Uongo ungembembeleza yeye na kumuua anayekuja. Ukweli ungemwokoa anayekuja, na yeye sijui ungemfanya nini. Nikachukua likizo, nikavuka.

Niliomba mkwewe naye akae. Tukakaa uani watatu. Nikaanza na yule mama, maana deni la heshima hulipwa kwanza. Nikamwambia, "Mama, siku ile zahanati nilikuvunjia heshima mbele za watu. Na ulichouliza kilikuwa cha haki. Nisamehe." Akaitikia kwa kichwa, hakunitazama. Kisha nikamgeukia mdogo wangu nikamwambia yote, maziwa yake yalikuwa na nini, yalikuwa ya kufanya kazi gani, na kwamba hakuna kilichokuwa kimevunda ndani yake.

Kuku walikuwa wanaparua kwenye makumbi.

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili baada ya msiba."

"Ukaniacha niulize."

"Niliogopa."

"Mimi ndiye niliyeyakamua, dada. Kwa mikono yangu. Na kila nilipokuuliza nilikuwa najua, maana wewe ukiwa na jibu zuri huwezi kulikalia hata dakika moja." Akasimama kwa shida, akashika kiuno. "Nenda kalale kwa bibi leo."

Nikaenda kwa bibi. Mdogo wangu hakunisemesha kwa wiki nyingi, na sikumlaumu. Nilikuwa natuma ujumbe, anausoma, hajibu. Nikaendelea na kazi yangu, ila niliigeuza. Sasa maziwa yanakamuliwa kwenye kikombe, kikombe cha nyumbani kwa mzazi mwenyewe, mtoto anapewa kwanza mbele ya wote, na kile kidogo kinachobaki ndicho ninachokichukua na kukiingiza kwenye mrija nikiwa mbali na macho ya watu. Inachukua muda mrefu. Wenzangu wa chuo wanasema napoteza muda. Waseme.

Mimba ilipoingia mwezi wa tisa simu ikalia.

"Njoo," akasema. "Na uje na vile vichupa vyangu."

"Havifai tena kunywewa."

"Nimekwambia atakunywa mtu? Njoo navyo."

Safari hii nilikuwepo. Alijifungua mtoto wa kiume, mwenye sauti, na nesi hakupata hata nafasi ya kusema, mkwewe ndiye aliyeifungua kanga na kusema, "Mpe. Mpe chake." Mtoto akashika. Tuliporudi nyumbani mama mkwe aliketi mlangoni siku tatu mfululizo, na majirani waliokuja na ushauri wa maji ya sukari aliwapokea, akawashukuru, akawaambia mzazi amelala.

Siku ya tatu adhuhuri mdogo wangu alimaliza kunyonyesha. Mtoto alikuwa amelala mdomo wazi, tone la njano limebaki pembeni ya midomo. Akanitazama. Nikaenda nikalifungua sanduku. Maziwa ya vichupa vinne yalikuwa yameyeyuka, na lebo bado zinasomeka. Nikavipanga juu ya mkeka.

"Nipeni kikombe," akasema.

Mkwewe akainuka mwenyewe. Akaenda kwenye kabati la vioo, lile la vyombo vya wageni, akatoa kikombe cha kaure chenye maua ambacho sijawahi kuona mtu akikinywea. Akakipangusa kwa upindo wa kanga yake. Akakiweka mbele ya mdogo wangu, naye akafungua vile vifuniko vya njano, kimoja kimoja, akamimina vyote vinne. Kikombe kilijaa. Tukakitazama. Maziwa yalikuwa na rangi ile ile iliyokuwa kwenye mdomo wa mtoto.

"Ni chakula," mama mkwe akasema polepole. "Kilikuwa chakula."

Nililia, na sikujali nani anaona. Nilimwambia mdogo wangu kwamba mimi ndiye niliyeleta vichupa, na kwamba kama angenipiga ningeshukuru. Alinishika kisigino, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake, akakibana.

"Nilidhani nitakimwaga pale kaburini," akasema. "Sasa siwezi."

Kisha akanyoosha mkono ukutani, akatungua kawa, akakifunika kikombe.

Mama mkwe akausogeza mkeka kidogo, ili anayepita asije akakipiga teke.